Shimo Lililofukiwa Mtoni

Maiti ilikuwa imelala kifudifudi kando ya migomba, kofia imeanguka pembeni, na saa ya mkononi bado inatembea. Inspekta Elinaza Mshana aliinama akaitazama saa ile. Ilikuwa nzuri, ya mkanda wa chuma. Mwizi wa Temeke asingeiacha.

"Nani huyu?"

"Bwana Gaspar, afande. Mpima ardhi," alijibu Sajini Romani. "Ndiye aliyekuwa akiipimia ile kamati ya kasino."

"Nani amemkuta?"

"Kibarua wake. Yule pale, chini ya mkorosho."

Mwaka huo wa 1966 kasino ilikuwa mdomoni mwa kila mtu Dar es Salaam, ingawa waliowahi kuiona kwa macho walikuwa wa kuhesabu. Kampuni moja ya wageni ilitaka kujenga jumba la kamari lenye hoteli na bustani, la kuwavuta wenye pesa kutoka Nairobi mpaka Lusaka. Ikaundwa kamati ya kuchagua mahali. Kamati ilikwenda Ubungo, ikaona vumbi. Ikaenda Kinondoni, mashehe na mapadri wakasahau tofauti zao wakasema hapana kwa sauti moja. Mwisho ikafika Mtoni, upande wa Temeke, kwenye mteremko wenye mikorosho na upepo mwanana, ikasema hapa ndipo.

Niseme mapema, msomaji asije akaingoja: kasino hiyo haikujengwa. Mwaka uliofuata nchi ilishika njia ya Ujamaa, wageni wakakunja michoro yao wakaondoka, na mteremko ukabaki na mikorosho yake. Wakati huo Gaspar alikuwa ameshazikwa.

Inspekta alimwita kibarua.

"Jina lako?"

"Fransis, afande."

"Mlikuwa nani na nani hapa?"

"Mie, mwenzangu, na yeye. Leo Ijumaa, mwenzangu kaenda kuswali. Mie nikaenda kula. Bwana Gaspar kabaki, kasema anataka kuuangalia udongo."

"Udongo gani?"

"Wa shimoni. Tunachimbaga mashimo kuona kama ardhi itabeba ghorofa. Hili la kwenye migomba ndo tulikuwa tumelianza, limefika magotini tu."

"Shimo lenyewe liko wapi?"

Fransis alinyoosha mkono. Kisha akaushusha pole pole.

"Lilikuwa hapo, afande. Haki ya Mungu tumeliacha wazi."

Lilikuwa limefukiwa. Koleo halikutumika, lilikuwa limelala palepale vibarua walipoliacha, udongo mkavu juu yake. Inspekta alipiga goti. Udongo wa juu ulikuwa umelainishwa na kubonyezwa kwa mikono, na alama za viganja zilionekana wazi, vikubwa na vidogo, zimebanana kama za mtu aliyekandika ukuta.

"Sajini, mtu ameua. Maiti anayo, na shimo liko wazi mbele yake. Kwa nini asiitumbukize humo? Kwa nini afukie shimo tupu, maiti aiache juani?"

"Labda alichanganyikiwa, afande."

"Aliyechanganyikiwa hakandiki hivi."

Kulikuwa na jambo la pili. Mfuko wa turubai wa marehemu ulikuwa mtupu, na vitu vyake vilikuwa vimepangwa vizuri kwenye majani: utepe wa kupimia, nyundo, vigingi, chupa ya chai. Hakuna kilichotupwa wala kilichoibwa.

"Huyu aliutoa mzigo wake mwenyewe," Inspekta alisema. "Mtu hutoa vitu kwenye mfuko ili atie kitu kingine."

"Kitu gani?"

"Sijui. Lakini ndicho kilichomuua."

Jioni hiyo alikwenda Kinondoni kumpa habari mke wa marehemu. Bernadeta alikuwa mwalimu, mwanamke mwembamba mwenye chaki vidoleni. Hakupiga ukelele. Aliuliza swali moja tu, kama mume alikuwa amekula mchana. Inspekta alisema ndiyo, ingawa hakujua.

* * *

Katibu wa kamati, Albano, alifika kituoni Chang'ombe kesho yake asubuhi akiwa ndani ya suti iliyombana.

"Ndugu Inspekta, msiba huu ni wa taifa."

"Ni wa mkewe kwanza. Kwa nini mlichagua Mtoni?"

"Upepo. Barabara. Na hapana makaburi. Wajumbe waliapa kwamba jumba la kamari halitakaa juu ya wafu. Palipo na kaburi hata moja, tunapafuta siku hiyohiyo. Gaspar mwenyewe alikuwa mkali kwa hilo. Aliwakusanya wazee wa pale barazani, wakanywa kahawa, akawauliza mmoja mmoja. Wote walisema hakuna."

"Nani alikuwa na ugomvi naye?"

"Jamali. Mwenye shamba. Juzi alimtolea Gaspar panga mbele za watu kwa ajili ya mkorosho uliokatwa."

Jamali aliletwa kabla ya adhuhuri. Alikuwa kuli wa bandarini, mzaliwa wa Newala, mpana wa mabega, mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Panga lake liliwekwa mezani.

"Ulimtolea Bwana Gaspar panga hili?"

"Nilimtolea."

"Ukasemaje?"

"Nilisema akigusa mkorosho mwingine tutagawana majengo ya serikali. Yeye hospitali, mie jela."

"Sasa yeye yuko chumba cha maiti."

"Nimesikia. Mungu amrehemu."

"Ijumaa mchana ulikuwa wapi?"

"Niliswali, kisha nikalala kivulini nyuma ya ghala, bandarini."

"Nani alikuona?"

"Afande, aliyelala atajuaje nani kamwona?"

Sajini Romani alitaka kucheka, akajikohoza. Inspekta hakucheka. Kwa sheria ya wakati ule, kama wa sasa, aliyeua kwa kukusudia alikuwa na kamba shingoni, na huyu alikuwa ametoa tishio mbele ya mtaa mzima na hana shahidi. Mlango wa mahabusu ukafungwa nyuma yake.

Daktari wa serikali ndiye aliyeharibu hesabu.

"Panga halihusiki," alisema. "Ngozi haikukatwa, imepasuka. Pigo moja kisogoni, kutoka juu, wakati ameinama. Kitu cha mviringo, kizito, cha mti. Na nywele zake zilikuwa na hizi."

Alifungua kijikaratasi. Inspekta akachovya kidole.

"Pumba."

"Za mtama."

"Mchi," alisema Inspekta.

* * *

Nyumba ya Jamali ilikuwa ya udongo na makuti, imefagiwa mpaka inang'aa. Mkewe, Mauwa, alikuwa amekaa kwenye mkeka akichambua mchicha. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye kipini kidogo cha fedha puani.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, mama."

"Mume wangu atatoka lini?"

"Itategemea."

"Hajaua mtu yule."

"Unajuaje?"

Mauwa aliokota shina jingine la mchicha. Inspekta aliangaza macho. Kinu kilikuwa pembeni ya jiko, kimesimama peke yake.

"Mchi wa kinu hiki uko wapi?"

"Umevunjika. Nimeupikia."

"Lini?"

"Ijumaa."

Inspekta alikuwa amejiandaa kusikia uongo, na uongo aliuzoea, huwa una haraka. Huyu alijibu taratibu, majani mabovu akiyaweka huku na mazuri kule.

"Mna watoto, mama?"

"Mungu hajajalia."

Aliyasema hayo bila kuinua uso. Inspekta aliaga. Njiani alimwambia Sajini kwamba mambo yameanza kujipanga: mume ameua kwa mchi wa mkewe, mke anamkingia kifua. Mchi haukuchomwa kamwe. Umo shimoni, ndiyo maana shimo likafukiwa.

"Na kilichotaka kutiwa kwenye mfuko je, afande?"

"Tutakikuta humohumo. Kesho tunafukua."

Alikuwa na uhakika mkubwa. Alikosea, na kosa lenyewe halikuwa lake peke yake.

* * *

Jumapili asubuhi Mtoni nzima ilimwagika kwenye mteremko. Jamali aliletwa na pingu mikononi, maana sheria ilitaka mshukiwa aone kinachofukuliwa. Wanaume walisimama karibu na gari la polisi, wakibishana kama kasino itakuja au imeshafutika. Wanawake walisimama upande wa pili, mbali kidogo na migomba. Hawa hawakubishana. Wengi walikuwa wamejifunika kanga hadi machoni.

"Konstebo, anza."

Jembe lilipanda likashuka. Wanawake wakainamisha vichwa kwa pamoja. Jembe likapanda tena.

"Acheni!"

Mauwa alitoka katikati ya wenzake mbio, kanga ikamdondoka njiani. Alijitupa juu ya shimo, akalilalia.

"Msichimbe. Mwacheni mume wangu. Nimemwua mie."

Konstebo alibaki na jembe hewani. Inspekta akamwashiria alishushe.

"Mama, humu ndani kuna nini?"

"Mwanangu."

"Mwana gani?" Jamali aliuliza. Sauti yake ilitoka ndogo kuliko mwili wake. "Mauwa, sie tuna mwana gani?"

Mkewe hakumtazama. Alizungumza na Inspekta, kama mtu anayezungumza na ukuta kwa sababu ukuta hautaumia.

"Mtoto akizaliwa asilie, afande, sie hatumpi jina. Hana matanga. Wanawake tunamchukua, tunamviringisha kaniki, tunampumzisha hapa kwenye migomba penye ubaridi. Mwanamume haambiwi. Anaambiwa mimba imeharibika, basi, naye haulizi zaidi. Mama zetu walifanya hivyo, na waliotupokea hapa Mtoni tuliwakuta wanafanya hivyo."

"Wako ni mmoja?"

"Wangu watatu. Na si wangu peke yangu."

Akayageuza macho kuelekea kwa wanawake. Hapo wanaume wote, kila mmoja kwa wakati wake, walianza kuitazama ile migomba ambayo miaka nenda rudi walikata ndizi zake. Mzee mmoja alivua kofia. Mwingine akasogea hatua nyuma, kana kwamba amekanyaga kitu.

"Bwana Gaspar aliuliza kama kuna makaburi," alisema Inspekta.

"Aliuliza barazani. Kahawa waliyokunywa niliipika mie. Nilimsikia mume wangu akisema hakuna. Hakusema uongo, hajui. Wote pale walikuwa hawajui."

"Neno moja tu, mama. Ungesema neno moja, kamati ingepafuta hapa siku ileile."

"Nalijua hilo. Unafikiri sijui? Lakini ningesimama wapi nilitamke? Mbele ya wanaume wote wale, na mume wangu kakaa hapo anakunywa kahawa? Nikasema moyoni labda watachimba mbali. Mteremko ni mkubwa."

Akausawazisha udongo kwa kiganja.

"Ijumaa nilikuwa natwanga. Nikasikia jembe upande wa migomba, nikajipa moyo. Baadaye likanyamaza, nikashindwa kukaa. Nikaja na mchi mkononi, hata sikujua kama nimeushika. Nikamkuta kapiga magoti shimoni. Kaikuta kaniki. Alikuwa anaifungua pole pole, afande, kwa ncha za vidole, kama mtu mwenye watoto."

"Akasemaje?"

"Kasema, mama, hii ni mifupa ya mtu, naomba unisamehe. Akaniomba radhi. Alikuwa mtu mzuri yule. Akasema nisilie, sasa kasino haitajengwa hapa tena, yeye mwenyewe atahakikisha. Nikamwambia asante, mfunike basi. Akasema hapana. Bila ushahidi wakubwa hawataamini. Atampeleka ofisini amweke juu ya meza ya kamati, wamwone."

Inspekta alikumbuka mfuko mtupu na vitu vilivyopangwa kwenye majani. Akatamani asingelikumbuka.

"Akaanza kutoa vitu mfukoni. Nikamwambia, baba, mwache. Akasema, mama, ni kwa faida yenu. Nikamwambia tena. Akainama kumchukua. Nikamwona mwanangu anaingia kwenye mfuko wa vigingi, anakwenda kuwekwa mezani wanaume wamzunguke. Mkono ukapanda. Sikumbuki ukishuka."

Mtu mmoja kati ya wanawake alianza kulia, akazibwa mdomo na mwenzake.

"Mchi?"

"Niliupikia, kama nilivyokwambia. Sikukudanganya."

"Shimo alilifukia nani?"

"Mie."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Inspekta alikumbuka viganja, vikubwa na vidogo. Aliwatazama wanawake wa Mtoni, nao wakatazama chini. Alikuwa afisa mwaminifu, na miaka yote ya kazi yake hakuwa amewahi kuandika asichoamini. Akamwambia Sajini Romani aandike: peke yake. Sajini akaandika.

* * *

Lilibaki jambo gumu kuliko yote. Inspekta alikaa chini, kwenye udongo, mbele ya Mauwa, na suruali yake ya kazi ikachafuka.

"Mama, nisikilize vizuri. Kuna kuua kwa kukusudia, na kuna kuua bila kukusudia. La kwanza lina kamba. La pili lina kifungo. Jaji akiona kilichokuwamo humu ndani, ataelewa mkono wako ulipandishwa na nini. Asipoona, atakachokiona ni baba wa watu aliyepigwa kisogoni ameinama."

"Kwa hiyo mnataka kumfukua."

"Ndiyo."

"Mumpeleke mezani."

Inspekta alipangusa udongo kwenye goti lake.

"Basi yule baba nimemwua bure," alisema Mauwa. "Kama mwisho wake ni meza, si ningemwachia yeye? Yeye angalau aliomba radhi. Fukieni, afande. Nitakwenda na hiyo kamba."

Elinaza Mshana alikuwa amekamata wezi, wachawi bandia na mtu aliyemwua nduguye kwa shamba, na kila mara alirudi nyumbani akala akalala. Siku hiyo aliona uchungu wa kweli. Aliichukia kasino, akaichukia kamati, akamchukia hata Gaspar kidogo kwa wema wake, kisha akamwonea huruma, na juu ya yote hayo akajiona yeye mwenyewe ndiye aliyetoa amri ya jembe.

"Hatatoka hapa," alisema mwishowe. "Daktari atakuja hapa leo. Jaji nitamwomba aje hapahapa, sheria inaruhusu mahakama kutembelea mahali pa tukio. Atafunuliwa, ataonwa, atafunikwa palepale. Nakuapia."

Sitamchosha msomaji kwa habari za mahakama. Jaji alikuja kweli, akasimama kwenye migomba bila joho, na Mauwa hakunyongwa, alifungwa. Bernadeta alikuwepo siku hiyo. Alipoelezwa mumewe alitaka kufanya nini na kwa nini, alisema tu kwamba ndivyo alivyokuwa, alitaka kila kitu kiwe na ushahidi. Lakini asubuhi ile ya Jumapili hayo yote yalikuwa bado, na Mauwa alikuwa bado amelala juu ya shimo.

"Na atakayemfunua ni nani?" aliuliza. "Huyu na jembe lake?"

Konstebo aliweka jembe chini kama limemchoma.

"Nifungueni," alisema Jamali.

Inspekta alimtazama, akatoa ufunguo mwenyewe. Pingu zilipodondoka, Jamali alimwendea mkewe akamshika mabega. Hakumvuta. Alingoja. Baada ya muda Mauwa alijikunja, akasogea kando, akakaa na mikono mapajani. Sajini akamsogelea na pingu zilezile, na yeye akanyoosha mikono bila kuambiwa.

Jamali alipiga magoti akaanza kufukua kwa viganja. Hapo wanawake walisogea, wote, kwa mara ya kwanza. Walivua kanga zao za juu wakazishika pembe, wakazitandaza juu ya shimo na kulizunguka, kama wanavyositiri mtu. Polisi na wanaume wakabaki nje. Mwanamume pekee aliyekuwa ndani ya pazia lile alikuwa baba.

Inspekta alisimama ukingoni mwa pazia, upande wa Mauwa, kwa sababu kazi ilimlazimu. Aliona udongo ukitolewa konzi kwa konzi. Aliona kipande cha kaniki nyeusi. Aliona mikono ya kuli, iliyozoea magunia ya katani, ikisimama, ikaogopa, kisha ikapita chini ya kile kifurushi pole pole mpaka ikakibeba. Kilikuwa chepesi mno kwa mikono ile.

Jamali hakukifungua. Alikaa nacho kifuani.

"Ni wa kike au wa kiume?" aliuliza.

"Wa kike," alisema Mauwa. "Ndiye wa kwanza. Ulikuwa melini, safari ile ya Mtwara."

"Niliporudi uliniambia tumbo limeharibika."

"Ndiyo."

"Nami nikakujibu."

Mauwa aliinamisha kichwa. Jamali alikikumbatia zaidi kile kifurushi, na maneno yalimtoka moja moja.

"Nilikwambia si kitu, Mauwa. Nilikwambia si kitu."